Baskeli Isiyo na Friwili: Kutoka Mnada wa Japani hadi Kibweni

Nimeipanda baskeli hii kwa miezi minne sasa, siku tano kwa wiki, hapa Unguja, kutoka Kibweni hadi Mji Mkongwe na kurudi, na naona muda huo unatosha kuniruhusu kuandika juu ya ununuzi wake bila ya kusukumwa na furaha ya siku ya mwanzo wala hasira ya siku ya pili. Ni baskeli ya mashindano ya Kijapani, ya chuma, yenye gea moja isiyo na friwili, ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika kupitia mnada wa mtandaoni ulioko huko huko Japani. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji asisubiri: fremu ni nzuri kuliko pesa niliyoilipa, wakala alifanya kazi yake kwa uaminifu, na muuzaji alinificha aibu moja ambayo ingeweza kunivunja miguu barabarani.

Baskeli zetu nyingi zina friwili, ile inayolia tiktiktik pale unapoacha kukanyaga na gurudumu likaendelea kwenda peke yake. Katika baskeli ya aina hii friwili haipo kabisa. Gea ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa hivyo gurudumu likizunguka pedeli nazo huzunguka, na mguu haupati mapumziko hata kwenye mteremko. Ukitaka kupunguza mwendo unaikaza miguu dhidi ya pedeli, na gurudumu la nyuma linatii. Mtu aliyezoea baskeli zetu za Phoenix atahisi siku ya kwanza kama kwamba baskeli inamsukuma yeye, badala ya yeye kuisukuma baskeli. Baada ya wiki mbili nilianza kuipenda hali hiyo, kwa sababu unajua wakati wote gurudumu linafanya nini, na kwenye barabara yenye mchanga uliomwagika au maji ya mvua ujuzi huo una thamani kubwa.

Fremu yangu ilijengwa kwa ajili ya keirin, mashindano ya baskeli ya uwanjani yaliyoanza Kokura, Japani, mwaka 1948, na kuingizwa katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000. Huko kwao ni mchezo wa kuwekeana pesa, jambo ambalo mimi kama Muislamu siliungi mkono, lakini kwa sababu hiyo hiyo ya pesa za watu, vifaa vyake vinakaguliwa kwa ukali: kila fremu, habu na usukani unaoruhusiwa kushindana hugongwa muhuri wa herufi NJS, kifupi cha jina la Kijapani la taasisi iliyokuwa ikiusimamia mchezo huo. Herufi hizo ziko chini ya fremu yangu, pale bomba zinapokutana kwenye ekseli ya pedeli, na ziligongwa kwa nguvu hadi rangi haikuweza kuzijaza. Mashindano yanapomaliza kazi na fremu kama hizi, nyingi huishia minadani. Hapo ndipo mtu wa Unguja mwenye mshahara wa ualimu anapopata nafasi ya kumiliki kitu ambacho kikiwa kipya asingeweza hata kuuliza bei yake.

Sasa juu ya mnada wenyewe. Sisi tumeuzoea mnada tangu utotoni, kwa sababu samaki wanaoingia Darajani hunadiwa mbele ya macho yetu. Dalali anapaza sauti, na kabla hujatamka bei unamshika samaki, unamfunua shavu uone wekundu wake, unambonyeza mgongo. Mnada wa mtandaoni unakupa sauti ya dalali bila ya shavu la samaki. Unachopewa ni picha, katika tangazo langu zilikuwa kumi, na maelezo ya Kijapani ambayo niliyasoma kwa msaada wa programu ya kutafsiri. Kila neno la muuzaji lina uzito, na lile ambalo hakulisema lina uzito zaidi. Ukikuta tangazo limeandikwa kwamba kitu kinauzwa kama chakavu na hakirejeshwi, basi hilo lichukulie kwa maana yake kamili. Langu halikuandikwa hivyo. Liliandikwa kwamba baskeli ina mikwaruzo ya kawaida na kwamba habu zote mbili zinazunguka vizuri.

Kuweka dau ni rahisi, na utaratibu wake niliuona wa haki. Unaandika kiwango cha juu kabisa ambacho uko tayari kulipa, kikabaki siri, na mtambo unakupandishia kidogo kidogo kila anapotokea mtu wa kushindana nawe, bila ya kuvuka kiwango chako. Dau likiingia katika dakika tano za mwisho, muda unaongezwa dakika tano nyengine, kwa hivyo haiwezekani mtu kuvizia sekunde ya mwisho akakunyang'anya mali huku ukitazama. Mnada wangu ulikuwa ufungwe saa kumi na moja alasiri kwa saa zetu, ukafungwa saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili, na mimi nikaipata kwa yeni 38,500. Nilikuwa nimeandika 45,000 na nikaapa kutozidisha. Hili nalisisitiza kwa ndugu zangu, maana dakika zile za nyongeza zinaufanya moyo udunde, na mtu anaweza kujikuta anapigania ushindi na akaisahau baskeli. Liko pia jambo tulilosomeshwa madrasa kwa jina la najshi, yaani mtu asiyekusudia kununua anapandisha bei ili amdanganye mwenziwe. Mtandaoni huwezi kumuona usoni mshindani wako, na kinga pekee dhidi ya mtu wa namna hiyo ni kiwango ulichojiwekea mwenyewe kabla mnada haujapamba moto.

Wauzaji wengi wa kule hawapeleki mzigo nje ya nchi yao. Ndiyo maana yupo wakala, ambaye hukuwekea dau kwa niaba yako, hulipa, hupokea mzigo kwenye ghala lake na kukutumia. Wangu alijibu kila suali ndani ya siku mbili na aliniandikia gharama zote kabla ya kukata pesa. Badala ya kuisafirisha baskeli kwa ndege, ambako gharama ingelikuwa zaidi ya bei yake, nilikubaliana na mfanyabiashara mmoja wa hapa Mjini anayeleta makontena ya vitu vilivyotumika kutoka Japani, akaipokea kutoka ghala la wakala na kuiweka katikati ya mafriji na makochi. Ilichukua siku 47 kufika bandari yetu ya Malindi, hapa Unguja. Bei ya mnada ilinigharimu kama shilingi 650,000 kwa kiwango cha siku ile, wakala na usafiri wa ndani ya Japani 155,000, na nafasi ya kontena pamoja na kutolea bandarini 180,000. Jumla shilingi 985,000 kabla fundi hajaigusa.

Katika kontena lile lile zilikuja baskeli za kawaida za Kijapani, zile za kikapu mbele ambazo zimejaa katika mitaa yetu, na nyingi bado zina kibandiko kidogo cha maandishi ya Kijapani kwenye bomba la kiti. Watu hudhani ni pambo. Ni kibandiko cha usajili wa kuzuia wizi, ambao sheria ya Japani imeulazimisha tangu mwaka 1994, na baskeli inapobadilisha mwenyewe usajili ule unatakiwa ufutwe. Mnunuzi wa mnadani amuulize muuzaji kama usajili umefutwa, kwa sababu hilo ndilo litakalomtuliza kwamba hanunui mali ya wizi. Muuzaji wangu alijibu kwamba fremu ilikuwa ya uwanjani na haikuwahi kusajiliwa, jibu ambalo linakubalika kwa fremu za aina hii.

Nilipoifungua kwenye uwanja wa nyumba, furaha yangu ilikuwa ya kweli. Chuma chake ni chembamba na chepesi, na maungio ya bomba yamechongwa ncha kali kama za mlango wa zamani, tena yamejazwa shaba bila ya kuacha tone. Rangi ni buluu ya kiza, iliyokwaruzwa upande wa mnyororo kama tangazo lilivyosema. Nilitia tochi ndani ya bomba la kiti kutafuta kutu, nikakuta vumbi jekundu jepesi tu ambalo lilitoka kwa kitambaa chenye mafuta. Kwa hewa yetu ya chumvi nimelipaka grisi ndani mpaka chini, na namshauri kila mwenye fremu ya chuma afanye hivyo kabla ya kuipanda siku ya kwanza.

Kisha nikaipeleka kwa fundi wangu wa siku zote, mtu mzima aliyeanza kazi hii kabla mimi sijaingia skuli. Aliizungusha mikono ya pedeli, akasikiliza, akasema gololi ni safi. Akataka kuifungua gea ya nyuma ili aikague. Gea ya namna hii hukazwa kwa hesi ya kawaida, yaani mifereji ya kuzungushia kama ya skurubu, halafu juu yake hufungwa nati bapa ya mviringo yenye hesi ya kinyume, ili unapokaza miguu kusimama na gea ikataka kufunguka, nati ile izidi kuibana. Nati hiyo ndiyo uhai wa mpandaji asiyekuwa na friwili. Fundi alipoitia spana na kuisukuma kidogo, haikushika. Ilizunguka bila ya upinzani, ikatoka mkononi mwake ikiwa na uzi mwembamba wa chuma umejikunja ndani yake kama unywele.

"Hebu sogea uone, Maalim," aliniambia, akaiweka habu kwenye mwanga wa mlango. "Hii hesi imeliwa. Kuna mtu aliikaza kwa upande usio wake, kisha akaibandika kwa gundi."

Nikasogea. Kwenye mizunguko mitatu ya mwanzo ya hesi palikuwa patupu, pamelainika kama pete, na ndani ya mfereji uliobakia palikuwa na gundi nyekundu iliyokauka. Mtu hatii gundi mahali pale kwa bahati mbaya. Picha ya nne ya tangazo ilionyesha habu kutoka upande wa pili, na picha ya tano ilionyesha gea ikiwa imefungwa, ambapo hesi haionekani. Nilirudi nikazitazama tena usiku ule, na nilisikitika zaidi kwa sababu zilikuwa picha nzuri, zenye mwanga wa kutosha, zilizopigwa na mtu anayejua kupiga picha.

Nilimwandikia muuzaji kupitia wakala, nikaambatanisha picha mbili. Jibu lilikuwa kwamba mali imeshapokelewa, muda wa malalamiko umepita, na baskeli iliyotumika haina dhamana. Wakala alinieleza kwa adabu kwamba muda huo ulianza kuhesabiwa siku mzigo ulipofika kwenye ghala lake, si siku ulipofika Unguja. Kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa, nami sikuisoma kwa makini. Hata hivyo nasema wazi kwamba siikubali. Katika sheria ya biashara tuliyoikuta kwa wazee wetu, mnunuzi akigundua aibu iliyokuwepo kabla ya kununua na asiyoambiwa, ana hiari ya kurejesha, na muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake ana wajibu wa kuitaja. Anayenunua kutoka mbali ndiye anayehitaji wajibu huo kuliko mwengine yeyote. Kwa hivyo, kama wakala wako anatoa huduma ya kukaguliwa mzigo ghalani kwa malipo ya ziada, ilipe. Wangu alikuwa nayo, kwa pesa ambayo haikufika bei ya tairi moja, na mimi niliiacha.

Tatizo la pili halikuwa kosa la mtu. Foki ya keirin, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, haina tundu la breki, kwa sababu uwanjani breki hairuhusiwi. Barabarani ni habari nyengine: Japani kwenyewe sheria inataka baskeli iwe na breki mbele na nyuma, na Uingereza gurudumu lisilo na friwili linakubaliwa kuwa breki ya nyuma lakini breki ya mbele ni lazima. Hapa kwetu, penye daladala inayosimama ghafla na mtoto anayetoka uchochoroni akikimbilia mpira, nisingempa mtu yeyote ushauri wa kupanda bila ya breki, hata awe na miguu ya simba. Fundi alipendekeza atoboe foki. Nilikataa, kwa sababu kichwa cha foki hizi ni chembamba na sikujua ndani yake mna nini. Tulitafuta kwenye chungu ya vyuma vya Kijapani huko Mwanakwerekwe siku mbili, tukapata foki ya chuma ya gurudumu la saizi ile ile, yenye tundu, ambayo shingo yake ilikuwa na urefu wa kutosha. Kikombe cha chini cha gololi kilikuwa cha milimita 27, kipimo cha Kijapani, kikaingia bila ya kulazimishwa. Lau ingelikuwa foki ya Ulaya kingepwaya, kwa sababu wao hutumia milimita 26.4. Foki, breki, waya na kazi ya fundi vilinigharimu shilingi 95,000, na foki ya asili nimeitundika ukutani ikiwa imefungwa kanga.

Juu ya tairi, nawaomba wasomaji wawe waangalifu sana. Tairi la baskeli hii huandikwa 700C, na baadhi ya makampuni huongeza namba 28 pembeni. Mwenye duka Darajani akisikia 28 atakupa tairi la Phoenix, kwa nia njema kabisa, na halitaingia. La Phoenix hukaa kwenye ringi ya milimita 635, na la 700C kwenye ringi ya milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini ni sawa na kiatu cha mtu mwengine. Niliagizia Dar es Salaam, yakaja kwa boti kwa shilingi 70,000 mawili, yenye upana wa milimita 28, na hayo yamevumilia mawe na viraka vya lami vya njia ya Bububu vizuri kuliko nilivyotarajia.

Mengine yote yamekuwa mepesi kuliko niliyoyahofia. Mnyororo ni ule ule mpana wa baskeli za gea moja unaouzwa Darajani. Gololi ni zile zile za mitungi ya fundi. Nati za ekseli zinafunguka kwa spana namba 15. Kwa maana hiyo, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya uwanja wa Japani kinahudumiwa na fundi wa mtaani bila ya kifaa chochote kigeni, isipokuwa spana ya ile nati bapa, ambayo fundi alijichongea kwa bati nene.

Gea niliyoikuta ilikuwa ya meno 49 mbele na 14 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli ulikuwa unaipeleka baskeli zaidi ya mita saba, jambo zuri kwa mwanamashindano na la mateso kwa mwalimu anayekwenda kazini upepo wa kusi ukimpiga kifuani. Nimeibadilisha ikawa 46 na 17, kama mita tano na nusu hivi na ushei. Uteuzi huo una faida nyengine ambayo wapandaji wa baskeli hizi huijali. Ukifunga 48 na 16, namba ambazo zinagawanyika sawasawa mara tatu, kila unapolizuia gurudumu la nyuma kwa miguu likaburuza, linasuguka mahali pale pale, na tairi linatoboka upande mmoja likiwa bado jipya kwengineko. Namba 46 na 17 hazigawanyiki pamoja, kwa hivyo msuguano unasambaa mahali kumi na saba.

Ilibakia habu. Nilirudi kwenye mnada ule ule, kwa wakala yule yule, nikatafuta habu ya nyuma peke yake. Niliikuta moja kwa muuzaji mwengine, imepigwa picha tatu tu, zenye kiza. Safari hii, kabla ya kuweka dau, nilimwandikia suali moja: je, anaweza kunipigia picha ya hesi ya nati ya kufungia ikiwa imefunguliwa, kisha nyengine nati ikiwa imeingizwa kwa vidole? Alijibu siku ya pili yake asubuhi. Picha ya kwanza ilionyesha hesi kali zenye mafuta meusi, na ya pili ilionyesha nati imeingia nusu, na pembeni vidole viwili vya mtu mzima vyenye grisi kwenye kucha. Nikaweka dau, nikaipata, na pamoja na kuletwa ilinifikia kwa shilingi 140,000, hivyo baskeli nzima imenisimamia kwa shilingi 1,290,000.

Fundi aliivisha spoki zile zile za zamani, akaikaza gea kwa mnyororo uliofungwa kwenye kijiti, kisha akaitia nati kwa vidole, mzunguko baada ya mzunguko, kinyume na mkono ulivyozoea, mpaka ikasimama yenyewe. Akachukua spana yake ya bati, akaiegemea kwa uzito wa mwili mzima.

"Haya, Maalim," alisema, "sasa zuia kwa miguu."

Nikaipanda mpaka njia panda, nikaikaza miguu, na gurudumu likasimama.